Chupa Aliyoibeba Mjomba Hohepa

Waihapua, Jumapili

Dada yangu Merania,

Pokea salamu nyingi za nyumbani, wewe na shemeji na huyo bwana mdogo wetu Rawiri, ambaye nasikia ameshaota jino na anang'ata kila anayembeba. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, isipokuwa goti. Ulimi wake mzima kabisa. Najua unangoja habari za uchaguzi wa baraza la mkoa, nami nimekawia kuandika kwa sababu sina habari njema.

Pirihira ameshindwa. Binamu yetu alizunguka nyumba kwa nyumba kipupwe chote akieleza sera yake ya maji: ng'ombe wapunguzwe kule juu ya mto, mbolea iwekewe kikomo, chemchemi zizungushiwe uzio. Graeme Lockwood, mwenye ng'ombe wale wa ng'ambo yetu, alisema wafugaji waachwe wajirekebishe wenyewe, polepole. Kwenye mkutano wa wagombea alijitambulisha kwa Kimaori kama tufanyavyo sisi, akautaja Waihapua kuwa mto wake. Watu wakapiga makofi! Mama akamwuliza kwa sauti, wewe kijana, kama mto ni wako, mbona hunywi maji yake? Ukumbi mzima ukacheka, Graeme naye akacheka, akamkaribisha Mama kwake kwa chai. Ndivyo alivyo, hata kumchukia ni kazi.

Hata hivyo tungeweza kushinda. Ukoo wetu ni mkubwa, na safari hii kila mtu aliapa kupiga kura. Lakini unajua kura zetu ni za posta, na bahasha hukaa kwenye mlango wa friji zikingoja kesho. Wiki ya mwisho ndipo Mjomba Hohepa alipofariki. Tukahamia sote marae, kwenye ukumbi wa ukoo, tukakesha na marehemu, tukaimba, tukapikia wageni. Pirihira mwenyewe alikuwa jikoni anamenya viazi, na hakuthubutu kumtajia mtu yeyote habari ya kura. Tulipomaliza kuzika, muda ulikuwa umepita. Nilirudi nikazikuta bahasha zetu palepale, chini ya sumaku ya samaki. Nilikaa sakafuni nikalia, na sijui nilikuwa namlilia Mjomba au nazililia zile bahasha.

Sasa hakuna wa kuisemea chemchemi ya Bibi. Yale majani tuliyokuwa tukichuma ya kuchemsha na mifupa ya nguruwe hayaliki tena. Maji yameota utelezi wa kijani, na kuna kibao kinachokataza watu na mbwa wasiyaguse. Umesema Krismasi utakuja umwogeshe Rawiri mle. Merania, usimshushe majini.

Kuna jambo jingine, na nisipolisema leo sitalisema. Ulipomwomba Mjomba akuletee maji ya chemchemi ya kumbariki mtoto, miguu yake haikuweza tena kuteremka kule, akanituma mimi. Kibao kilikuwa kimesimamishwa wiki ileile. Nilisimama na chupa mkononi, nikakifikiria kichwa cha mwanao, nikashindwa kuteka. Nikaenda mjini, nikanunua maji ya dukani, nikayamimina kwenye chupa. Mjomba akaifunga ndani ya sweta lake, akaibeba hadi huko kwenu Perth. Kisha ukaniandikia kwamba ulilia aliposema mtoto sasa ameguswa na maji ya kwao. Ndiyo maana barua ile sikuijibu.

Aliporudi aliniuliza mbona maji yale hayakuwa na harufu ya nyumbani. Nikamwambia labda ni safari ndefu. Alinitazama, kisha akaniomba nimtilie chai. Nilijipa moyo kwamba Pirihira akishinda, uzio utawekwa, na siku moja nitateka maji ya kweli nikuletee, wala hutajua kitu. Sasa sina cha kuteka.

Mama anakusalimu, anasema mtoto avae soksi. Wote wa marae wanakusalimu. Mbusu Rawiri utosini, palepale Mjomba alipommwagia. Kama umenikasirikia, njoo unigombeze hapa nyumbani, ila mjaze chupa zenu hukohuko.

Mdogo wako,
Kararaina