Roho Tatu za Shomari

Jumanne, 9 Agosti 1983

Nimesahihisha insha za darasa la tano mpaka kalamu nyekundu ikakauka. Nusu ya watoto wameandika kwamba walikwenda sokoni na mama akanunua nyama, sukari na viatu. Sijui ni soko gani hilo. Hapa Tangini hata sabuni hatuna. Mwalimu Anna kanimegea kipande cha yake.

Shomari amepita jioni. Ana mwezi tangu arudi kutoka Ujapani, alikokaa miaka miwili akisomea pampu za maji, na bado akimsalimia mtu anainama kama aliyedondosha kitu. Watu wanamcheka. Mimi nimezoea.

Jumamosi tunakwenda kwetu Msimbu, Baba amwone kwa macho yake. Posa ililetwa na mjomba wake wakati mwenyewe yuko bado huko, ikapokelewa. Ndoa baada ya Idi Kubwa. Kilichobaki ni Shomari kukaa mkekani, kuitikia kwa adabu na kunyamaza. Hilo la kunyamaza nimemwambia nikarudia.

Jumapili, 14 Agosti

Hakunyamaza.

Tulipokelewa vizuri. Wali, kuku, mchicha wa nazi. Baba akamuuliza swali la heshima tu: huko ulikokuwa, jioni baada ya kazi ulikuwa ukifanya nini? Jibu la mkwe ni kupumzika, baba. Basi. Lakini Shomari uso ukamng'aa. Sijawahi kumwona hivyo tangu arudi.

"Nilikuwa nacheza, baba."

Baba akauliza, ngoma? Hapana, na mashine. Unatia sarafu. Baba akaweka kikombe chini. Nilijua amesikia nini: kamari. Shomari naye akaona, akajitetea kwamba si kamari hata kidogo, maana hupati kitu. Unatia hela yako, inakwenda, hupati kitu. Akadhani hapo amejiokoa.

Kisha akaeleza. Mashine ina kioo kinachowaka. Ndani ya kioo mna nyumba yenye vyumba vingi, na mtu mdogo amebeba ndoo, anazunguka anajaza mitungi maji. Mtu huyo ni mimi, baba. Mizimu inanifukuza. Ikinigusa nakufa, lakini nina roho tatu, kwa hiyo nafufuka. Zikiisha zote ndiyo nimekufa kabisa.

"Nilikuwa nakufa kila siku, baba. Nikizoea sana nachelewa kufa."

Shangazi Mwantumu, dada yake Baba, alikuwa nyuma ya mlango. Akatoka bila kujitanda kanga. Sijapata kumwona mbele ya wanaume kichwa wazi.

Nikiyakumbuka maneno yote ya Shomari, hakuna kosa hata moja la sarufi. Ngeli sawa, nyakati sawa. Mwanafunzi wangu akisema hivyo nampa alama zote. Ulimi uliponza kichwa.

Jumatano, 17 Agosti

Dereva wa lori la mkaa kaleta salamu kutoka Msimbu. Shangazi anasema kijana ameingiwa. Mizimu ya ugenini, isiyojulikana jina wala matakwa yake, ndiyo mibaya zaidi. Achezewe madogori, ngoma zilizompunga pepo binamu yangu hata akapona, kisha ndipo aoe. Baba amekubali. Asipochezewa, mjomba aitwe arudishiwe posa yake.

Nimemwambia Shomari. Amekataa. Haumwi, anasema. Akikubali ngoma amekiri kwamba ni mgonjwa, na akikubali mara moja atakuwa mgonjwa wa Msimbu mpaka azikwe.

Yuko sahihi. Baba naye yuko sahihi, kwa alichosikia. Nimewakasirikia wote wawili. Nina miaka ishirini na saba na namtaka mtu huyu. Nimengoja arudi, nimekataa wengine, na sasa mchezo wa kioo ndio uninyang'anye.

Ijumaa, 19 Agosti

Nimeamua nitaeleza mimi. Kazi yangu ni Kiswahili. Kama siwezi kuieleza mashine moja, nirudishe cheti.

Nimejaribia kwa Anna wakati wa chai. Yeye ni binti wa mwinjilisti, kasoma, hana hofu ya mizimu. Nilianza vizuri.

Ni sinema basi, akasema. Nikamwambia ni sinema, lakini inakungoja wewe. Yule mtu mdogo ni nani? Ni wewe. Na mimi niko wapi? Umesimama nje, umeshika kijiti cha kumwendeshea. Anayekufa nani? Wewe. Mimi niliye nje? Hapana, wa ndani. Basi sijafa. Umekufa, Anna!

Na anayeshinda ni nani? Hakuna. Ukijaza mitungi yote nyumba inaanza upya, na mizimu inaongeza mbio. Mpaka lini? Mpaka ufe.

Akanitazama sana. Akaniuliza kama asubuhi nimekula.

Jumatatu, 22 Agosti

Jana nilikaa na Shomari barazani tukatafuta maneno. Nikamuuliza kwa nini mizimu? Katika maneno yote ya lugha hii? Akasema ni vitu vyeupe, havina miguu, vinapita ukutani, ningeviita nini? Nikampa vivuli. Akasema kivuli hakiui. Nikampa sanamu. Sanamu haikimbii. Wenyewe Wajapani wanaviitaje? Hajui. Maandishi yao hakuweza kuyasoma.

Nikasema tuache roho tatu, tuseme nafasi tatu. Akasema nafasi ni ya kazi. Ukisema nafasi husikii uchungu unapoipoteza. Hapo tukagombana kweli. Nikamwambia nani kakuomba uchungu, tunaomba ndoa! Akanyamaza. Sasa ndiyo anajua kunyamaza.

Televisheni nayo haisaidii. Wapo Unguja wanaozitazama, huku bara nani ameiona? Baba anajua sinema ya gari iliyokuja kijijini kufundisha mbegu bora. Mtu wa sinema ile hakuwahi kumtii yeyote kati yetu, na tulimpigia sana kelele.

Asiyejua maana haambiwi maana. Zamani nilidhani methali hiyo ni ya kuwasema wajinga.

Alhamisi, 25 Agosti

Mjomba ameitwa Msimbu keshokutwa. Posa inarudi.

Nimelia chooni, shuleni. Sipendi kulia shuleni.

Ijumaa, 26 Agosti

Zamu ya uwanja ilikuwa yangu leo. Wasichana wa darasa la nne walikuwa wanacheza rede. Wawili pembeni wanarusha mpira wa matambara, mmoja katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukamgonga begani. Wenzake wakapiga kelele, "Umekufa! Toka, umekufa!" Akabisha. "Sijafa! Mpira umegusa gauni!"

Nikasimama na kengele mkononi mpaka Mwalimu Mkuu akaja kuniuliza kama saa yangu imesimama.

Wanakufa kila siku. Wanakufa mbele yangu, mapumziko ya saa nne, miaka yote, na hakuna aliyeita mganga. Mimi mwenyewe nilikufa sana Msimbu, nje ya jiko la mama, nikiwa na chupa ya Fanta.

Nimempelekea Shomari ujumbe karakana anakofanya kazi: kesho afuatane na mjomba wake, hata kama hakualikwa.

Jumapili, 28 Agosti

Nimechoka, sauti imekauka. Niandike tu.

Tulifika jana kabla ya adhuhuri, mimi, Shomari na mjomba. Mkufu na kanga za posa vilikuwa tayari vimefungwa, viko juu ya kinu. Baba hakuitikia vizuri shikamoo ya Shomari. Nikaomba ruhusa niseme kabla wanaume hawajaanza. Nikamuuliza Baba kama anaijua rede. Akasema anaijua, ndiyo iliyomvunjia mtungi. Nikamuuliza waliokufa katika rede wamezikwa wapi. Mjomba akacheka. Baba hakucheka, lakini alikaa sawasawa.

Nikachota majivu jikoni, nikachora nyumba uwanjani. Kuta, milango, vyumba. Nikapanga vifuu vya nazi, hivyo ndivyo mitungi. Shomari nikampa ndoo nikamtia ndani. Mabinti wawili wa Shangazi nikawavisha kanzu za Baba, ndio wale weupe. Sikutaja mizimu. Nikasema: hawa ndio wanaorusha mpira, ila hawana mpira, wana mikono.

Kisha Baba. Nikamsimamisha nje ya mstari, mchi mkononi. Wewe ndiye mchezaji, Baba. Shomari hana akili yake leo. Ukielekeza mchi kulia, anakwenda kulia. Usipomwongoza, anasimama.

Alikataa. Mjomba akasema basi alete huo mchi, yeye ataweza. Ndipo Baba akaukamata.

Mwanzo alikuwa anaelekeza kwa aibu. Shomari akatembea, akajaza kifuu cha kwanza, cha pili. Mabinti walikuwa wanamfuata wakichekacheka. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni amenuna, mkono shavuni. Akashindwa kuvumilia.

"Mnamfukuza kama kuku wa jirani! Hebu nipishe huko!"

Akamvua binti yake kanzu, akaivaa yeye, akaingia. Shangazi ana miaka zaidi ya hamsini, na jana alikimbia. Alikata kona za majivu kwa adabu, hakukanyaga ukuta hata mmoja. Baba akaanza kupiga kelele. Kulia! Rudi! Rudi, wewe, huyo nyuma yako! Mchi unakwenda huku na huku, mjomba kainama asipigwe kichwani. Vikabaki vifuu viwili. Shangazi akatokea mlango ambao Baba hakuutazama, akamshika Shomari mgongoni kwa mikono miwili.

Baba akatupa mchi chini.

"Aah! Nimekufa!"

Aliyeshikwa ni Shomari. Aliyesema amekufa ni Baba. Kisha akajisikia mwenyewe. Akatutazama mmoja mmoja. Mjomba alikuwa analia kwa kicheko. Baba akasema, bado nina mbili, sivyo? Tukacheza tena. Akafa zote.

Nilidhani hapo nimeshinda, nikaanza kuzoa vifuu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kinu, jasho linamtoka, mkufu na kanga amevisogeza pembeni. Akamwita Shomari.

"Huko, Mwantumu wako alikuwa nani? Nani alikuwa anakufukuza?"

"Mashine, baba."

"Na wa kukucheka ukifa?"

"Hakuna, baba. Mimi tu."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Baba akajifuta jasho. Shangazi naye, kanzu bado mwilini. Sikuwahi kumuuliza Shomari swali hilo. Nilimuuliza habari za kioo, kijiti, mitungi, rangi ya vile vyeupe, na vivuli na sanamu. Nani alikuwa naye, sikuuliza. Nilisikia haya mpaka masikioni.

"Pole, mwanangu," Baba akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Miaka miwili mtu anacheza na ukuta. Pole sana."

Shomari akainama ile namna yake ya huko. Hakuna aliyecheka.

Mkufu na kanga vimerudi ndani. Shangazi bado anashikilia kwamba kijana ana kitu, ila si kitu cha ngoma. Ubani tu, na asiachwe peke yake jioni. Shomari amekubali ubani.

Jumamosi, 10 Septemba

Mvua ndogo asubuhi, si ya kupandia. Nimefua. Anna kaniletea viazi kutoka kwao.

Shomari alikuja alasiri, tukakaa barazani tukimenya viazi. Sikumuuliza kitu. Akaanza mwenyewe, polepole, habari za miezi yake ya kwanza. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la baiskeli. Mchana alikuwa na mwalimu wa pampu, jioni hana mtu.

Katika lile jumba la mashine kulikuwa na bibi mmoja, mfagizi. Kila jioni, watu wakishapungua, alikuja kwa Shomari na ufagio wake, akainama, akamwambia neno moja. Neno lile lile, kwa upole. Huyo tu ndiye aliyekuwa anamsemesha baada ya kazi. Shomari akalishika. Akawa naye anainama, anamwitikia kwa neno lile lile. Bibi anacheka, anainama tena. Ndiyo salamu yake ya siku. Chumbani alilirudia asije akalisahau.

Alipokijua kidogo Kijapani ndipo akapata maana yake. Tunafunga milango.

Nikamuuliza alifanyaje baada ya kujua.

Akasema aliendelea kuitikia.

Tumemenya viazi vyote, hata vya kesho.