Fenesi Lenye Wenyewe Watatu

Mama Asha,

Wamelikubali! Naanza na hilo kabla ya salamu, kwani najua ungekuwepo ungekwisha nikata maneno: "Lete habari bwana, salamu zitakuja nyuma." Basi habari ndiyo hiyo. Swali langu la utafiti limekubaliwa, nafasi ya shahada ya pili ni yangu, na mumeo, mwenye mvi mpaka masikioni, ni mwanafunzi kamili.

Sasa salamu. Asha hajambo, mimi sijambo, nyumba haijambo. Mchuzi wa Asha siku hizi umekushinda. Usinune, nasema kweli tu.

Umeondoka barua ya chuo haijafika, nayo ikafika arobaini yako haijatoka. Niliitia chini ya mto, nikailalia. Nilikwisha azimia kuikataa. Mgane wa miaka arobaini na tano anakwenda bara kukaa na vijana, atafute nini? Asha ndiye aliyeitoa. Akanambia, "Baba, mama alikwisha watangazia Chake Chake nzima kwamba utakwenda. Usimfanye mwongo naye yuko kaburini." Mtoto huyo kakurithi ulimi. Nikafunga sanduku.

Msimamizi wangu kule chuoni ni kijana ambaye ningeweza kumfundisha darasa la nne. Ananiita mzee, nami namwita daktari, kila mmoja akimwonea haya mwenziwe. Nilimpelekea azma yangu ya utafiti: ardhi, miti, mila na maisha ya watu wa Pemba tangu kale hata leo. Akaisoma polepole. Akasema, "Mzee, swali lako hili kisiwa hakilitoshi." Nilidhani ananisifu! Kumbe ananiambia nirudi nyumbani, nishike kijiji kimoja, na kila Ijumaa niandike kurasa mbili hata kama ni upuuzi. Chuo kikifunguliwa tena niwe na swali moja linaloshikika, na sura moja ya kulionyesha. Nisipokuwa nayo, nafasi atapewa mwingine. Na kwa umri wangu, Mama Asha, mwingine akishapewa, basi tena.

Nikaenda kijijini Gando. Nilifikia kwa Mzee Hamadi, yule ambaye wanawe wote wamepita mikononi mwangu skuli. Kosa langu likaanzia hapo hapo barazani. Nilikaa kitini, penseli sikioni, nikawaita watu mmoja mmoja. Akaja Makame, jirani, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana ndevu na watoto. Nikamuuliza, "Mti ulioko shambani ni wa nani?" Makame akasimama wima, mikono nyuma.

"Ni wa mwenye shamba, mwalimu. Nimepata?"

Wallahi alisema nimepata! Na mimi, badala ya kushtuka, nikatikisa kichwa kwamba kapata. Waliokaa nyuma wakasikia, wakajibu vivyo hivyo. Siku ya pili nikamuuliza tena Makame kwa njia nyingine, akaanza, "Lakini mwalimu, pengine mti huwa..." Nikamkatiza. "Fikiri tena." Akafikiri, akarudi kwenye jibu la jana. Hata Mzee Hamadi, aliyenizidi umri, nilimwona akimnong'oneza mwenziwe jibu kama watu wanaoibiana mtihani.

Ulikuwa ukinambia nikihutubia chumbani, "Baba Asha, temea chaki nje kabla ya kuingia." Kumbe niliimeza.

Ijumaa zikapita. Kurasa zangu mbili mbili zilijaa majibu yaliyofanana kama punje za mtama, yote sahihi, hakuna hata moja lenye faida. Na siku zenyewe hizi za siasa, ukiuliza ardhi ya nani, unaulizwa wewe kwanza wa chama gani. Mzee Hamadi ndiye aliyenivua na shaka hiyo. Aliwaambia, "Huyu chama chake chaki." Wakacheka, lakini hawakusema zaidi. Nikaanza kuhesabu kwamba nitarudi chuoni mikono mitupu, kisha nirudi hapa kuandika tarehe ubaoni mpaka nife.

Ndipo likaja fenesi.

Mzee Hamadi alikwenda Wete. Alikwisha nambia zamani, "Hapa kwako, mwalimu, usione haya." Nyuma ya jiko lake pana mfenesi, na siku ile fenesi moja lilikuwa limewiva likinukia mpaka barazani. Unanijua mimi na fenesi. Nilikunja kanzu, nikalitungua, nikalipasua pale pale chini. Ulimbo ukaniingia mikononi, ukapanda kwenye ndevu. Sikujali. Nilikuwa kwenye kokwa ya nne au ya tano nikasikia nyuma yangu:

"Nani kakwambia utungue fenesi langu?"

Bi Time, bibi wa nyumba ya pili. Nikasimama kama Makame. "Bi Time, kwani kiwanja hiki si cha Mzee Hamadi?"

"Kiwanja chake. Mti wangu! Kaupanda babangu, na babake Hamadi kasimama papo hapo akamridhia. Udongo wake, mizizi yangu!"

Kabla sijameza, Makame karuka ua. "Mti wako Bi Time, sikatai. Lakini fenesi langu miye. Si ulinambia nikuezekee banda, mafenesi ya mwaka huu nile mimi?"

"Nilisema ya upande wa kibla!"

"Na hili lilikuwa upande gani?"

Wote wawili wakanigeukia. Mdomo umejaa, mikono imeganda. Nikanyoosha kidole juu, mtini.

Mama Asha, walicheka! Bi Time alikaa chini kabisa, kashika mbavu. Na Mzee Hamadi aliporudi akakuta mahakama imekwisha kaa, yeye naye akatia lake. "Mimi nilisema hapa kwako, sikusema mti kwako. Lakini ungengoja likaanguka lenyewe juu ya udongo wangu, lingekuwa langu, nawe ungekula halali." Bi Time akamwambia hilo la kuanguka kalitunga leo. Wakagombana mpaka alasiri, wakawataja baba na mababu, nani alipanda kwa nani, nani alipewa mti mmoja siku ya ndoa yake na hajapewa udongo hata wa kujaza kifuu. Mimi nimekaa chini baina yao, sisemi, nasikiliza tu. Siku hiyo sikumsahihisha mtu.

Ilinibidi niombe radhi nyumba tatu ndipo lile fenesi linihalalikie. Bi Time mwenyewe ndiye aliyenitoa ulimbo kwenye ndevu kwa mafuta ya nazi, akinishika kidevu kama mbuzi wa kuuzwa. Na baada ya hapo hakuna aliyesimama tena mbele yangu mikono nyuma. Nani asimame wima mbele ya mwalimu wa namna hiyo? Walikuja wenyewe, kila mmoja na mti wake na kesi yake. Nikamuuliza Makame, kwa nini mwanzo uliniambia mti ni wa mwenye shamba?

"Mimi nilitaka kukwambia vyengine," akasema, "ukanambia nifikiri tena."

Nikaandika ile sura bila kulala mchana. Juu yake nikatia swali moja tu: mti mmoja una wenyewe wangapi?

Kule chuoni walikaa wakubwa wa idara, meza ndefu, miwani minne. Waliuliza hili na lile, nikajibu. Kisha yule mkubwa wao akauliza, "Mwenye ardhi akifa bila mrithi, yule mwenye mti anakuwa nani?" Mimi wa zamani ningelitunga jibu, na lingekuwa zuri, na ningelitia na mfano. Nikasema, "Sijui. Nitakwenda kuwauliza."

Wakatazamana. Msimamizi wangu akainamisha uso kwenye karatasi zake, akitabasamu. Wakanitoa nje, wakaniita ndani. Mkubwa wao akanipa mkono, akasema hajapata kuona mwanzo mzuri kama ule kwa miaka mingi. Mwanzo mzuri! Mimi, Mama Asha!

Nikatoka ukumbini nikageuka upande wa kushoto, unakokuwa siku zote tukitembea, nikafungua mdomo nikuambie.

Nilisimama pale kidogo. Halafu nikaenda.

Basi ndiyo nakuambia sasa. Nimerudi jana. Asha kapika wali wa mtaa mzima, na kila anayeingia namsimulia upya, fenesi likizidi kukua kila nikilisimulia. Na ahadi yangu kwako ni hii: kitabu nitakimaliza. Nitakiandika kwa Kiingereza, kwani ndivyo chuo kinavyotaka, kisha nitakiandika tena kwa lugha yetu, ili Bi Time asomewe barazani kwake na anikatalie palipokuwa na makosa. Nitamwachia nafasi pembeni mwa kila ukurasa, maana zitajaa.

Mke wangu, Mola akutie kivulini mwake siku ambayo hakuna kivuli ila chake. Asha nitamtazama, naye atanitazama mimi, kazi iliyo kubwa zaidi. Niwie radhi nisipolizuru kaburi lako wiki hii. Kesho asubuhi naondoka. Bi Time kaniletea salamu kwamba kuna mnazi umeota kwa mtu na kuinamia kwa mwingine, na nazi zimeanza kudondoka. Anasema niwahi, wenyewe wameshaanza kutukanana.

Wako,
Baba Asha