Wimbo wa Kumaliza Kilio

Jumanne, 14 Julai 1998

Vidole viko vinauma tena. Mwalimu Etienne, kiongozi wa korali yetu ya kanisa, alinipigisha gitare saa nzima: do, re, mi, kupanda, kushuka. Mukono wa kushoto umetoka malengelenge. Mi nimefika miaka makumi tatu na ine, na batoto ba korali bananicheka. Bacheke. Mama alisema kilio cha papa, baba yetu, kitaisha Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, hapa nyumbani, mujini Baraka, kando ya ziwa, na hatavua nguo nyeusi mpaka asikie ule wimbo papa alikuwa anapiga kwa gitare yake. Papa mwenyewe aliomba hivyo kabla ya kufa. Bandugu zangu banaume habajui hata kushika gitare. Nimebaki mi.

Jumapili, 19 Julai

Leo nimefanya upumbavu. Gitare ya papa imekaa ukutani miezi sita, hakuna muntu aliyeigusa. Niliibeba kwa Mwalimu. Aliipiga mara moja tu, akakunja uso. Alisema imeharibika, nyuzi zote zimelegea. Akazikaza mpaka ikalia kama ile ya kanisa. Nikamwambia aksanti.

Nyumbani niliweka vidole mahali papa alikuwa anaviweka. Wimbo haukutoka. Kumbe haikuwa imeharibika. Papa alikuwa na namna yake ya kukaza nyuzi, na hakuiandika popote. Mi mwenyewe ndiye niliibeba kwenda kuharibishwa. Nililia sana. Mama sijamwambia.

Jumamosi, 25 Julai

Nilitembea mpaka Lweba kwa Muzee Asukulu, aliyepiga na papa tangu ujana. Huyu do-re-mi hajui na hataki kujua. Alisikiliza gitare, akacheka mpaka akakohoa. Kisha alianza kukaza na kulegeza huku anaimba polepole, kila uzi anautafuta kwa koo lake.

Uzi wa mwisho ulipokaa, nilimuona papa, kama wakati nilikuwa mutoto. Iko barazani, muguu mumoja juu ya kibao, na mama anageuza ndakala, vile visamaki vidogo vya ziwa, ndani ya mafuta, anajifanya hasikii. Hata harufu niliikumbuka. Wakati ule nilikuwa naona haya, kwa sababu bapapa ba barafiki zangu balikuwa na radio. Mutoto mujinga nilikuwa.

Muzee anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Nilimuuliza mapigo ni mangapi.

"Mutoto wangu, hapa hatuhesabu. Angalia vidole, kisha funga macho."

Jumamosi, 8 Agosti

Mara ya tatu Lweba. Kwa Mwalimu naelewa kitu ambacho siwezi kupiga. Kwa Muzee napiga kitu ambacho sielewi. Nimechoka nabo bote babili.

Lakini leo nimepata akili kidogo. Muzee alipiga uzi mumoja mumoja, na mi niliandika sauti ya kila uzi kwa do-re-mi ya Mwalimu, ndani ya daftari hili. Sita. Muzee aliangalia alama zangu, akasema ni njia ya sisimizi.

Batu barabarani banasema vita imefika Uvira. Naogopa.

Jumapili, 30 Agosti

Kilio hakikuisha jana. Bunduki zililia asubuhi, tukakimbia ziwani. Gitare ilikuwa mugongoni mwangu. Mwenye boti alisema nafasi imebaki moja, nichague: gitare ao bibi mumoja mwenye muguu mubaya. Niliiacha juu ya muchanga. Nilimuchukia yule mwenye boti njia yote, na alikuwa na haki.

Mama bado iko na nguo nyeusi.

Jumatano, 23 Septemba

Kambini, ng'ambo, upande wa Kigoma. Jirani yetu, mama mumoja wa Uvira, aliniazima gitare ya bwana yake. Nilifungua daftari, nikakaza uzi wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Kisha nikafunga daftari, na macho pia.

Nilipiga. Katikati niliteleza, nikaendelea. Mama alikuwa anachagua maharage. Nilipomaliza, akasema:

"Papa yako naye alikuwa anakosea hapo hapo."

Akaomba nirudie. Nilirudia mara mbili. Alimwaga maharage ndani ya sufuria, akasema kilio kimeisha, nimutafutie kitenge cha rangi. Hatuna. Nitaenda kuazima kwa jirani.