Bima ya Annika

Hudsonville, Michigan
Februari

Kwa kaka yangu mpendwa Garrit,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Wilma, na kwamba goti lako limepatana na baridi ya huko Duluth. Sisi hapa hatujambo. Theluji imetujaa mlangoni, lakini gari linawaka na chakula kipo.

Uliponiuliza kwenye simu binti yangu Annika anaendeleaje na leseni yake ya udereva, nilikwepa nikakuuliza habari za mbwa wako. Leo nakujibu.

Alipotimiza miaka kumi na sita nilikwenda kwa Duane, wakala wetu wa bima ya gari, nimwandikishe kama dereva wa pili. Bei ikapanda mara mbili papo hapo, macho yakanitoka. Duane naye, unamjua kwa utani, akasema, "Pole Lorna, kwani hukuambiwa? Mtoto huku anazaliwa mara mbili, na hii ya pili, akipata leseni, ndiyo ya gharama." Nikacheka kwa adabu tu. Nikalipa, nikaanza kufanya kazi hata Jumamosi pale kwenye kiwanda chetu cha samani. Nilijikaza kwa sababu tangu mume wangu Roelof afariki sikutaka binti yake ajione mnyonge mbele ya wenzake.

Annika akawa dereva mzuri, mtulivu kuliko wewe. Akawa anakwenda mwenyewe shuleni na kwenye mazoezi ya bendi, na lile tarumbeta lake refu la tromboni kiti cha nyuma, ndani ya pikapu ya marehemu. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nampeleka mimi, na garini ndimo alimokuwa akinisimulia mambo yake. Nyumbani ukimuuliza neno anajibu, "Poa tu, Mama," kisha anafunga mlango wa chumba. Lakini garini, kwa kuwa sote tulitazama mbele, alinimwagia yote: nani kagombana na nani, na jinsi anavyomwota baba yake. Alipoanza kuendesha mwenyewe, nikirudi kutoka kazini alikuwa ananipungia mkono tu na ufunguo mkononi, anatoka. Garrit, nilikuwa nalipa bima mara mbili ili nibaki peke yangu.

Novemba nilimwambia kwamba bima imetushinda, asiendeshe kwanza mpaka hali itengemae. Duane akalifuta jina lake kwenye bima, na sharti ni kwamba asiguse usukani hata kwa kusogeza gari uani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema tu, "Sawa Mama, usijali, tutabana." Wiki za mwanzo alikaa kando yangu na vile vidude vyake vya muziki masikioni. Baadaye akavitoa.

Mwezi uliopita akajitafutia kazi ya kuosha vyombo mwisho wa wiki, kwenye mkahawa wa pankeki kule Jenison. Mshahara wake ananiletea wote, eti wa bima. Nampeleka mimi, namrudisha mimi. Anaingia garini mikono imechubuka kwa sabuni, nguo zinanuka siagi, na anaongea njia nzima, amechangamka, namna tutakavyoikomesha hiyo bima. Juzi akanigonga bega akaniambia, "Mama, mimi na wewe hatuwezekani!"

Kaka, nakuambia nisichomwambia mtu. Bima haikunishinda. Oktoba walinipandisha cheo kiwandani na mshahara ukaongezeka, ningeilipa bila kujibana. Annika sikumwambia. Nilimfutisha jina kwa sababu ya upweke, nilitaka arudi kukaa kando yangu. Amerudi, na kila anaponisimulia nasikia aibu hata siwezi kugeuka kumtazama.

Jana nilimpigia Duane alirudishe jina. Akauliza kama nimeokota dhahabu, nikamwambia aniandikie tu bei. Jumamosi nitampa Annika ufunguo pamoja na hela zake zote, ambazo sikuzigusa, na nitamwambia kweli. Najua atakasirika, na ana haki. Nami nitakuwa nimemkabidhi gari la kuondokea.

Msalimie sana wifi, na mwambie jamu yake ya zambarau tumeimaliza. Jumamosi ukipata nafasi nipigie simu, Garrit, hata kama huna la kusema.

Dada yako akupendaye,
Lorna