Nyongeza ya Dhania

Kayole,
Alhamisi jioni.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na baridi ya Chavakali haijakuzidi. Nyanya naye msalimie sana. Mimi sijambo, nakula vizuri, usianze kuniuliza. Nimempa barua hii Muhonja wa kwaya, anayekuja huko mazishini Jumamosi, kwa maana kwenye simu hunipi nafasi: nikianza jambo, wewe unataka kujua kama nimefunga mlango wa nyuma, na salio linaisha hapo. Nakuomba kitu kimoja. Jumatatu utapigiwa simu na mwanamke anayeitwa Bi Muthoki. Tafadhali usiongee naye kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Ulitaka habari za mahojiano, basi nakuletea zote. Ni ile nafasi ya mafunzo ya umeneja uliyofunga siku tatu kuiombea, kule supamaketi mpya ya Kapu Jema kando ya barabara ya Outer Ring. Miezi sita ya kujifunza kuendesha duka, na ukifaulu unaajiriwa msaidizi wa meneja. Wanataka watu wawili. Tulioomba tulizidi mia nne, na nakuapia nusu yetu hawajawahi kumpimia mtu hata kilo moja ya viazi. Lakini tai wanazo.

Tuliambiwa chuoni kwamba mahojiano ya siku hizi hayaulizi unajua nini. Yanauliza ulifanya nini, na kila swali linaanza vilevile: tueleze siku ambayo. Tueleze siku ambayo ulikosea. Tueleze siku ambayo mteja alikukasirikia. Kwa hiyo unatakiwa uende na visa vyako tayari, na kwa kuwa watu wengi hawana kisa chochote, amejitokeza bwana mmoja wa kuwafundisha kuvitunga.

Bwana huyo ni Njogu, anajiita kocha wa taaluma. Jumamosi tatu nimekaa ukumbini Kaloleni nikimsikiliza, yeye na suti yake nzito kwenye joto la saa saba, jasho likimtiririka mpaka kwenye daftari za watu wa mstari wa mbele. Nilimuuliza amewahi kufanya kazi duka gani. Akasema kazi yake ni kuwafungua watu macho. Haya, siku hiyohiyo nilimwona langoni akinunua avokado gumu kama jiwe, akalibonyeza na kutikisa kichwa kana kwamba ameridhika. Huyo ndiye wa kunifundisha mimi rejareja! Alitukaririsha kwamba jibu lina sehemu nne, yaani hali, jukumu, hatua na matokeo, na watu wazima wenye diploma wakaimba hali, jukumu, hatua, matokeo kama watoto wa nasari.

Na wenzangu, Mama, ungewaona! Kulikuwa na kijana wa Umoja anayeitwa Kitonga. Kisa chake kilikuwa jinsi alivyoongoza timu ya watu kumi na wawili katika mradi mgumu wa usafirishaji. Nilimbana wakati wa chai mpaka akasema ukweli: ni binamu zake, siku waliposhusha kabati la shangazi yao kutoka ghorofa ya nne. Tena mlango mmoja wa kabati ulivunjika. Halafu kulikuwa na Koki, ambaye alikuwa na kisa cha mteja mwenye hasira, na kila akikisimulia machozi yanamtoka akifika kwenye neno lilelile, uvumilivu. Mara ya tatu niliangua kicheko nikaambiwa sina roho ya timu. Potelea mbali. Afadhali kukosa roho ya timu kuliko kukosa haya.

Zamu yangu ilipofika nilisimulia kibanda chetu cha mboga. Njogu alinikatiza nikiwa sijamaliza sentensi ya kwanza. Alisema neno kibanda lisisikike kabisa, na mama mboga ndiyo nisithubutu. Kibanda ni biashara ya rejareja ya mazao. Sukuma wiki ni bidhaa inayoharibika upesi. Akauliza ni nani hukaa pale, nikasema ni mama yangu, naye akacheka, akaniambia mbele ya wote kwamba kwenye mahojiano hakuna mtu aliye na mama, kuna wafanyakazi tu. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Hata hivyo nilipofika nyumbani nilifungua daftari na kukuandika hivyo: mfanyakazi.

Mahojiano yenyewe yalikuwa Jumanne, ghorofani juu ya duka, harufu ya mkate inapanda ngazi na sisi hatujanywa chai. Kitonga alitoka amelowa jasho, na nilisikia mlangoni kwamba timu yake imeshafika watu ishirini. Ndani walikuwa watatu. Mwanamume mmoja alikuwa kwenye simu yake muda wote, wa pili kazi yake ilikuwa kuitikia kwa kichwa, na katikati alikaa Bi Muthoki, mkuu wa wafanyakazi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakuniangalia nilipoingia. Aliangalia viatu vyangu.

Waliniuliza kuhusu mteja msumbufu, nikawaeleza habari za Bi Ambaro, yule wa mtaa wa nyuma anayebonyeza kila nyanya na kuondoka na tatu. Nikasema nilianza kumwekea zake pembeni tangu asubuhi, ngumu anavyozipenda, hata akawa analeta na majirani zake. Ndiyo, najua ni wewe uliyefanya hivyo. Nilisema ni mimi, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Kisha Bi Muthoki akaniambia niwaeleze siku ambayo nililazimika kumwondoa mtu kazini.

Nikawaambia nilikuwa na mfanyakazi, mwanamke wa makamo, mwaminifu, wateja wanampenda, ila hasikii. Anayenunua sukuma anamtilia dhania. Anayenunua nyanya anamwongezea pilipili mbili. Mtoto akitumwa anarudi anatafuna karoti. Nilimwambia mara nyingi kwamba nyongeza si biashara, naye alicheka tu na kusema dhania ingenyauka ifikapo jioni hata hivyo. Basi nikamwondoa. Bi Muthoki aliuliza nilimwondoaje. Nikasema sikumwaibisha mbele za watu. Nilimtafutia mahali pengine ambapo aliamini anahitajika zaidi, akaondoka kwa hiari yake, tena akinishukuru.

Mama, kalamu zote tatu ziliandika. Yule wa simu aliiweka chini. Bi Muthoki alivua miwani, akasema miaka kumi na mmoja hajasikia mtu akiachishwa kazi kwa upole namna ile, na kwamba kampuni yao ina watu wa kupunguzwa mwaka huu, kwa hiyo wanahitaji mkono laini kama wangu. Akaomba namba ya simu ya huyo mfanyakazi, maana ni desturi yao kusikia upande wa pili kabla ya kumchukua mtu. Ningeweza kutoa namba ya rafiki yeyote. Lakini namba ninayoijua kwa kichwa ni yako tu, na ndiyo iliyonitoka.

Hapa najua umeshaanza kucheka. Unasema, huyu mtoto ametia chumvi, nitamsaidia, nitamwambia huyo mama kwamba ndiyo nilifukuzwa. Natamani sana ingekuwa hivyo.

Kumbuka mwezi wa nne, wiki ile simu yako ilikuwa kwa fundi. Tulikuwa tumezozana kuhusu dhania, kisha nikanyamaza siku tatu. Nilikuwa nimekuchoka, Mama, nakuambia wazi. Nilikuwa na diploma, nilikuwa nimepanga kibanda kwenye karatasi kwa mistari na rangi, na wewe uliketi pale ukigawa mali na kucheka na watu. Siku ya nne nikakuambia nyanya amepiga kwenye simu yangu, kwamba mwili hauna nguvu, kwamba anamtaka mtoto wake aje akae naye. Ulifungasha jioni ileile. Pale kwenye steji ya mabasi ulinishika mikono miwili ukanishukuru kwa kuwa nimekubali kubaki na kazi peke yangu.

Nyanya hakupiga simu. Niliitunga.

Nilidhani ukifika mtaulizana, utapiga simu kunifokea, utarudi wiki ijayo na yataisha. Badala yake ulinipigia ukilia, ukasema mama yako ameanza kupoteza kumbukumbu, kwamba anaapa hajakuita na anashangaa umekuja kufanya nini. Nikasema pole, Mama, ni uzee. Wiki iliyofuata ukasema umemficha kiberiti. Kisha ukamnyang'anya ufunguo wa jikoni. Kisha ukampeleka kwa daktari, naye nyanya mwenyewe akaanza kuamini, akawa anauliza majirani kama kuna jambo jingine amesahau. Na kila mara mimi nilisema pole, ni uzee. Nyanya hajasahau kitu, Mama. Akili yake ni nzima. Ndiye peke yake katika nyumba hiyo aliyekuwa akisema kweli.

Nimewacheka sana Njogu na Kitonga na yule Koki na machozi yake. Uongo wao haujamwondoa mtu yeyote nyumbani kwake. Katika kile chumba cha mahojiano kisa changu cha kukuondoa ndicho kilichokuwa cha kweli, na ndicho kilichowafurahisha.

Habari za kibanda hujaniuliza safari hii, lakini nitakuambia. Siku ya kwanza nilipokaa peke yangu Bi Ambaro alinunua nyanya zake, akabaki amesimama ameshikilia kikapu wazi, anangoja. Nilimkazia macho mpaka akakifunga. Hajarudi, na wengi wamemfuata kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara. Wanaopita huniuliza jambo moja tu, mama yako anarudi lini.

Basi Bi Muthoki akipiga Jumatatu, mjibu utakavyo. Sikuombi unifiche na sikuombi uongo wowote, mimi mwenyewe nimeutumia wa kutosha. Akiuliza kama ni kweli nilikuondoa kazini, ni kweli. Akiuliza nilikuondoa kwa upole, hilo utalijibu wewe. Lakini kabla ya hiyo Jumatatu, leo hiihii ukimaliza kusoma, mrudishie nyanya ufunguo wake wa jikoni. Mwambie kwa nini. Taja jina langu.

Wasalimie majirani wote, na Muhonja mpe chai kabla hajaenda mazishini, amebeba mzigo mkubwa kuliko anavyojua. Mungu awaweke nyote wawili.

Ni mimi binti yako, ambaye kwenye faili la Kapu Jema ni msimamizi wako,

Khavere.