Breki za Harusi ya Carelle

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Injini imewaka! Gari analounda mume wangu Lucien — mabati, vyuma vya kitanda, injini ya minibasi iliyokufa — limenguruma uani hadi kuku wa jirani wakahama. Miezi kumi na minne! Nimecheka mpaka nikalia.

Jumamosi litampeleka Carelle kanisani kufunga ndoa. Ila baba yake, mzee Gakiza, amelizunguka, akainama, akauliza kama lina breki. Bado. "Mutoto yangu hataingia mu motokari yenye haisimame." Basi bibi harusi apande kabaza, baiskeli ya abiria, gauni nililoshona mimi lizoe vumbi? Thubutu!

Imebaki mipira minne ya kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Lucien anaiita flexible. Nimesema nitapima mimi. Cherehani miaka kumi na miwili, nani atanishinda kwa futi?

Jumanne, 9 Septemba

Safari ya Lilongwe. Dukani, mtaa wa Nsungwi, muuzaji ameona futi shingoni, akauliza kama gari linashonewa suti. Zikomo, asante kaka, hujakosea! Mipira imekatwa kwa vipimo vyangu, vichwa vya chuma vikabanwa mbele yangu. Safi.

Jumatano, 10 Septemba

Aibu! Mipira imekaa, imenyooka, hakuna unaoning'inia. Lucien akazungusha usukani kushoto — mpira wa mbele ukakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Nusura ukatike!

"Cécile, ulipima mutu mwenye alikufa? Gari inageuka, mama!"

Nimenuna dakika moja, kisha nikaangua kicheko. Mimi ndiye humwambia kila mteja ainue mikono, akae, ainame, kabla sijagusa mkasi. Gari nimelipima limetulia juu ya matofali. Haraka haraka haina baraka.

Tumepima upya ya mbele. Usukani wote kushoto, wote kulia, gurudumu likishushwa, likipandishwa. Nimeongeza vidole vinne. Ya nyuma haina neno.

Alhamisi, 11 Septemba

Lilongwe tena, na kurudi mbio. Mipya imeingia! Inapinda, haikaziki, haigusi gurudumu. Mimi kwenye pedali, Lucien chini anatoa hewa kwenye mipira. Kanyaga! Shikilia! Achia! Mpaka pedali ikagoma kushuka. Ngumu! Hakuna tone lililovuja. Tumecheza uani, mafuta hadi viwikoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Mteremko wa kanisa, kujaribu breki. Mawe mawili chini ya magurudumu. Lucien anasema nikanyage mimi, vipimo ni vyangu. Naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva.

Gakiza ameomba chaki yangu ya kushonea, akachora mstari kule chini, gari lisiuvuke, akasimama nyuma ya mstari huo. Tumempigia kelele asogee.

"Kesho mutoto yangu atakuwa mu ndani. Leo mi nasimama hapa."

Kisha amevua koti jipya nililomshonea, akampa Carelle alishike. Eti lisichafuke! Watu hoi kwa kicheko. Yeye hakucheka. Hakusogea pia.

Lucien ameondoa jiwe moja. Ananiambia niweke kalamu chini, anaondoa la pili —