Mbuzi wa Pasaka na Kisu Mkononi Mwangu

Jumatano, 12 Machi 1975
Nimefika! Baiskeli imenibeba nusu ya njia, nusu nyingine nimeibeba mimi. Matope haya ya Ufipa hayana huruma. Nimepewa chumba kwa Mzee Zenon, mwenyekiti wa kijiji, na mkewe Mama Cornelia. Wakatoliki wa kweli kweli, na wakarimu. Kazi yangu: madarasa ya kisomo ya watu wazima, vijiji vitatu, leo huku kesho kule. Majaribio mpaka Pasaka. Nikifaa, nabaki mwaka mzima. Nataka kubaki! Duka la baba pale mjini, Malangali, nimelichoka — kupima sukari, kukata sabuni, kupima sukari.

Mama hataki. Alisema huku ananifungia mizigo: huko hakuna Mwislamu mwingine, nani atakuchinjia? Mwanamume mzima, kuku humuwezi. Kweli. Nikiona damu nazimia. Nyumbani anachinja baba au kaka Selemani, mimi naitwa sahani zikishapangwa. Basi kanipa kopo la nyama aliyoikausha mwenyewe. Likiisha, nirudi.

Ijumaa, 14 Machi
Kopo! Nimefungua, nyama imeota ndevu za kijani. Mvua zote hizi, na mimi nimelifunga nailoni juu na chini eti isiharibike. Akili nyingi. Nimeizika nyuma ya nyumba. Mbwa wa jirani kaifukua, kanusa, kaondoka zake.

Jioni Mzee Zenon akanipa pole. Ingekuwa wakati mwingine, alisema, ungetuchinjia jogoo tukala wote, ila sasa ni Kwaresima, nyumba hii nyama hatugusi. Nikasikitika usoni. Moyoni nilitaka kumkumbatia.

Jumatatu, 17 Machi
Ugali wa ulezi unashibisha, siusemi vibaya. Lakini ukikanyaga pedali kilima baada ya kilima, mwili unadai kitu kingine. Nimejipangia chakula cha njiani: mayai ya kuchemsha mfuko wa kushoto, karanga mfuko wa kulia, dagaa wakavu kwenye karatasi, kifuani. Jua likitoka, wanafunzi wangu wanajua mwalimu amefika kabla hawajaniona.

Leo nimeteleza. Nikaangukia kushoto. Na kumbe yai moja lilikuwa halijaiva hata kidogo. Bibi Josefina, mkubwa kuliko wote darasani, hakutazama ubao, alitazama suruali yangu. Kisha akachukua chaki akaandika jina lake lote, herufi moja moja. Darasa likapiga makofi. Siku nzuri! Suruali nimeiloweka.

Jumapili, 23 Machi
Wametoka kanisani na matawi mikononi. Mzee Zenon kaja na habari mbili. Ya kwanza: kijiji kimekaa, kinataka nibaki. Niliruka! Ya pili: siku ya Pasaka kuna mbuzi, yule mkubwa mweupe, na wa kuchinja ni mimi, ili wote tule sufuria moja.

Nikasema, nyinyi chinjeni tu mzee, mimi maharage yananitosha. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mtu. Watu wamekaa bila nyama tangu Jumatano ya Majivu, alisema, lakini hawatakula mbuzi mbele ya mgeni anayekula maharage. Usipokula wewe, hatuli.

Hapo ndipo ningemwambia kwamba naogopa damu. Nikamshukuru.

Jumatano, 26 Machi
Mazoezi. Kisu, boga, nyuma ya zizi. Bismillahi, nikafumba macho, nikakata. Kufumbua — Mama Cornelia kasimama na ndoo yake. Akaniuliza kwa heshima kabisa: mwalimu, kwenu hata boga haliliwi mpaka lichinjwe? Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe. Jioni kaniletea lingine, nalo nilichinje, asije akanilisha kitu kibaya.

Jumamosi, 29 Machi
Lori la baba! Selemani kapita akienda Kasesya, mpakani. Nimemkimbilia nikamwomba anichinjie mbuzi leo leo. Alishaanza kukunja mikono ya shati. Mzee Zenon akakataa kwa upole. Leo bado ni mfungo, na watu ni wengi, nyama ya leo italala wapi mpaka kesho mchana? Mbuzi hutunzika vizuri akiwa hai, alisema.

Selemani akanivuta pembeni. Mama anakuulizia kila siku, alisema. Keshokutwa nikirudi, nikikuta umechinja, nitamwambia mwanao anajitegemea, amwache. Nikikuta hujachinja, panda lori, duka lipo. Akanishika mashavu, akacheka jinsi yalivyobonyea. Kisha akaniachia kisu chake. Kikali, ameninolea mwenyewe. Nampenda kaka yangu, ila leo nilitamani aje mtu mwingine.

Jumapili, 30 Machi
Pasaka. Kijiji kizima kimejaa uani kwa Mzee Zenon, na nguo safi. Nimesema ngoja nitie udhu kwanza. Nimeshatia mara tatu. Sasa nimerudishia mlango, naandika. Herufi zangu leo hata Bibi Josefina angezisahihisha.

Naogopa. Damu yenyewe naiogopa, na zaidi naogopa kuanguka chini mbele ya wanafunzi wangu. Lakini nikifikiria ile mizani ya dukani nachoka kabisa. Nje mazungumzo yamepungua. Wananisubiri, na hakuna hata mmoja anayeninung'unikia. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mama Cornelia kagonga. Kasema polepole, kwa kunong'ona: mwalimu, kama huwezi, niteleke maharage. Nitawaambia mimi ndiye nimekosea mipango. Kumbe anajua! Sijui tangu lini. Na wote wale wangekula maharage siku ya Pasaka, wakaniambia ni matamu.

Nimemjibu asiteleke. Amwambie mzee amlaze mbuzi aelekee kibla, kaskazini. Wanaume wawili wamshike miguu. Na wa tatu asimame karibu, nyuma yangu mimi.